TAFAKARI YA JUMAPILI: Tusisubiri mazishi ndipo tupende

Machi 31, 1972 ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku hiyo, Wakristo wakikumbuka mateso ya Bwana, mwanamke mmoja alikata roho hospitalini katika mji wa Bombay, India, ambao leo unaitwa Mumbai. Alikuwa na umri wa miaka 38. Jina lake katika sinema lilikuwa Meena Kumari, na waliopenda filamu za Kihindi walimwita malkia wa majonzi. Hakuwa Mkristo, alikuwa Mwislamu. Lakini maisha yake yana somo ambalo sisi tunaokwenda ibadani leo tunalihitaji.

Wazazi wake walimpa jina Mahjabeen. Baba yake, Ali Bux, alikuwa mpiga muziki maskini aliyetamani mtoto wa kiume. Inasimuliwa kwamba binti alipozaliwa, baba alimpeleka kwenye kituo cha yatima akamwacha huko. Baada ya saa chache moyo ukamsuta, akarudi kumchukua. Mtoto huyo aliyekaribia kutupwa ndiye aliyekuja kuilisha nyumba. Alianza kuigiza akiwa na miaka kama sita hivi, na fedha zake zikawa chakula cha wazazi na dada zake.

Mwaka 1951 alipata ajali ya gari, akaumia vibaya mkono wa kushoto na kulazwa Pune. Mwongozaji filamu Kamal Amrohi akawa anamtembelea, na pale kitandani mapenzi yakazaliwa. Walioana kwa siri Februari 1952. Mwaka huohuo filamu ya Baiju Bawra ikampandisha juu, na akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike. Miaka kumi baadaye jina lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba filamu zote tatu zilizoshindania tuzo hiyo zilikuwa zake.

Mwaka 1963 ilitoka Dil Ek Mandir, jina lenye maana ya moyo ni hekalu. Ni hadithi ya mapenzi na ugonjwa, na sehemu kubwa yake inatokea hospitalini. Meena ni Sita, mke anayemuuguza mumewe mwenye saratani. Daktari anayepaswa kumpasua mgonjwa ni yule kijana aliyempenda Sita kabla hajaolewa. Mume anapogundua, anamwomba mkewe aolewe na daktari iwapo yeye atakufa. Daktari naye anajitesa usiku na mchana ili mume wa mwanamke anayempenda apone. Mgonjwa anapona, daktari anakufa kwa kujichosha. Msomaji wa Injili ya Yohana sura ya 15 hatapata shida kuuelewa upendo wa namna hiyo.

Lakini nje ya kamera hakukuwa na daktari wa namna hiyo kwa Meena. Mwaka 1964 yeye na mumewe walitengana. Usingizi ulikuwa umemkimbia, na inasimuliwa kwamba brandi aliianza kama dozi ndogo ya kumsaidia kulala. Dozi ikawa kikombe, kikombe kikawa chupa, na ini likaharibika. Mwaka 1968 alipelekwa London kutibiwa, akapata nafuu.

Aliporudi alifanya jambo la ajabu. Yeye na Amrohi walikuwa wameanza filamu ya Pakeezah miaka ya 1950, nayo ikasimama walipotengana. Mwaka 1969, akiwa mgonjwa na bila kurudiana na mumewe, alikubali kuimalizia. Pale mwili uliposhindwa kucheza ngoma, mwingine alicheza kwa niaba yake. Filamu ilitoka Februari 4, 1972. Mwanzoni haikuvuma. Wiki chache baadaye Meena akalazwa, na hakutoka tena. Inasimuliwa kwamba mwanamke aliyewatajirisha wengi hakuacha hata fedha za kulipa bili ya hospitali.

Kisha likatokea jambo linalonikosesha raha. Baada ya kifo chake watu walifurika kuitazama Pakeezah. Foleni zikawa ndefu, machozi yakawa mengi. Upendo ulikuwepo, ila ulifika wakati yeye hawezi tena kuuona.

Mpendwa msomaji, je, sisi hatuko hivyo? Ndugu akiugua, tunaulizana nani ana nafasi ya kwenda kumwona. Akifa, kundi la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyohiyo, michango inamiminika, basi linakodiwa, na kila mmoja ana neno zuri la kusema mbele ya jeneza. Fedha ya dawa ilikosekana, ya turubai na sare imepatikana.

Marko sura ya 14 inatuonyesha mwanamke wa Bethania aliyevunja chupa ya manukato ya thamani na kuyamimina juu ya kichwa cha Yesu. Waliokuwepo waliona ni hasara. Bwana alimtetea, akasema ameupaka mwili wake mapema kwa ajili ya maziko. Siku chache baadaye, alfajiri ya Jumapili, wanawake wengine walikwenda kaburini na manukato yao. Walimpenda Bwana kwa dhati, lakini hawakukuta mwili wa kupaka, kwa kuwa alikuwa amefufuka. Manukato yaliyomfikia ni yale yaliyomiminwa angali hai, mezani, kati ya rafiki zake.

Angalia hasa yule anayewalisha wengine. Dada anayesomesha wadogo zake, mama anayeuza vitumbua alfajiri, kaka aliye mjini ambaye simu yake huita tu wakati wa shida. Tumezoea kupokea kutoka kwao hata tumesahau kwamba nao huumwa, hukosa usingizi, na wengine huanza kunywa kimyakimya. Kabla ya kuwahukumu, tuwaulize wamelalaje.

Leo ukitoka kanisani, usiende moja kwa moja nyumbani. Yupo mtu mmoja unayemjua amelala kitandani, au amechoka bila kusema. Mpitie. Beba matunda, au fedha kidogo ya dawa, au nenda mikono mitupu ukae naye nusu saa. Usiyaweke manukato yako hadi siku ya mazishi.