Ibn al-Haytham: alijifanya kichaa ili aishi, akatuachia elimu ya mwangaza

LUBUMBASHI – Mechi inapochezwa usiku kwenye uwanja wa TP Mazembe, katika komini ya Kamalondo, mchezaji mmoja huwa na vivuli zaidi ya kimoja. Kimoja kiko mbele yake, kingine nyuma, kingine pembeni, na vyote vinakimbia naye. Washabiki wengi wamevizoea, hawavitazami tena. Lakini ndani ya vivuli hivyo kuna somo zima la fizikia. Kila taa inatuma mwangaza wake kwa mstari ulionyooka. Mwili wa mchezaji ukiuzuia, kivuli kinaanguka upande wa pili. Na miangaza ya taa hizo zote inapishana hewani bila mmoja kuupinda mwingine.

Mtu aliyelichunguza jambo hilo kwa subira kuliko wote waliomtangulia alifariki huko Kairo, Misri, karibu mwaka 1040. Ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye wasomi wa Ulaya walimwita Alhazen. Sheria ya mwangaza ambayo wanafunzi wa sekondari wanakariri inabeba majina ya Snell na Descartes, watu wa miaka ya 1600. Yeye aliwatangulia kwa karne sita.

Alizaliwa karibu mwaka 965 Basra, kusini mwa Iraki ya leo. Ni mji uleule ambao karne moja kabla yake ulitekwa na watumwa weusi walioitwa Zanj, waliokuwa wameasi dhidi ya mabwana wao. Kijana huyo alisoma hisabati, elimu ya nyota na vitabu vya Wagiriki vilivyokuwa vimetafsiriwa kwa Kiarabu. Angeweza kumaliza maisha yake huko kwa utulivu. Kilichomponza ni mto.

Kwa mujibu wa Ibn al-Qifti, mwandishi wa wasifu aliyeishi karne mbili baadaye, Ibn al-Haytham alisema kwamba angekuwa Misri angeweza kuyatawala maji ya Nile, ili mto usifurike mwaka huu na kukauka mwaka ujao. Maneno yalimfikia khalifa al-Hakim, aliyetawala Misri kuanzia 996. Khalifa akamwita, akampa watu na vifaa, akamtuma kusini.

Karibu na Aswan msomi huyo aliona mto kwa macho yake. Njiani alikuwa amepita mbele ya majengo makubwa ya Wamisri wa zamani, yaliyopimwa kwa ustadi mkubwa. Akatambua kwamba kama kazi hiyo ingewezekana kwa vifaa vya zama zake, watu wale wangekuwa wameshaifanya. (Wakaaji wa Katanga, ambao umeme wao unatoka kwenye mabwawa kama Mwadingusha, lililoanza kazi mwaka 1930, wanajua kuzuia mto si kazi ya mtu mwenye kalamu tu. Huko Aswan bwawa la kwanza lilimalizika mwaka 1902.)

Alirudi Kairo kukiri kwamba ameshindwa. Al-Hakim hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa ameua mawaziri wake mwenyewe, na aliwahi kupiga marufuku hata mulukhiya, mboga ya majani yenye utelezi ambayo Wamisri wanaipenda sana. Khalifa hakumwadhibu msomi huyo, alimpa kazi serikalini. Lakini kukaa karibu na mtu wa namna hiyo kila siku kulikuwa hatari, na kukataa kazi kulikuwa hatari zaidi. Ibn al-Haytham akachagua njia ya tatu: akajifanya amepotewa na akili. Mali yake ikachukuliwa, naye akafungiwa nyumbani chini ya ulinzi. Aliendelea na kichaa hicho cha uongo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Ndipo akili ikamrudia ghafla.

Wanahistoria wengine wana shaka na sehemu za simulizi hilo, na wana haki, kwa kuwa liliandikwa baadaye sana. Lisilo na shaka ni kazi aliyoiacha. Katika miaka hiyohiyo, kwa hesabu ya wachunguzi wengi, aliandika Kitab al-Manazir, kitabu cha sehemu saba juu ya kuona na mwangaza. Ni vigumu kukisoma bila kuufikiria ule mto. Mtu aliyeahidi kitu kabla ya kukitazama aligeuka kuwa mtu asiyekubali neno lolote kabla ya kulijaribu, liwe limetoka kwa nani.

Na waliokuwa wamesema hawakuwa watu wadogo. Euclid na Ptolemy, mabingwa wa Ugiriki, walifundisha kwamba jicho linatuma miale yake nje, ikagusa kitu, ndipo tunaona. Ibn al-Haytham alianza na jambo ambalo kila mtu analijua: ukilitazama jua, jicho linauma. Tena ukitazama kitu chenye mwangaza mkali kisha ukafumba macho, alama yake inabaki machoni kwa muda. Kwa hiyo kuna kitu kinachoingia na kuligusa jicho. Mwangaza unatoka kwenye jua au taa, unafika kwenye mpira, unarudishwa kutoka kila sehemu ya mpira kwenda pande zote, na sehemu ndogo yake inaingia machoni mwetu. Giza likiwa kamili, jicho zima na lenye afya halioni kitu.

Jaribio lake la taa lilihitaji chumba chenye giza, tundu dogo, na taa chache zilizopangwa nje mbele ya tundu hilo. Ndani, juu ya ukuta, yanaonekana madoa ya mwangaza yenye idadi sawa na taa. Ukiziba taa moja, doa lake peke yake linapotea. Ukiifungua, doa linarudi palepale. Miangaza yote imepita kwenye tundu moja na haikuchanganyika. Ndiyo habari ya vivuli vya uwanjani, na huyu aliithibitisha kwa taa za mafuta.

Jaribio hilo halina gharama. Katika nyumba nyingi bati lina tundu la msumari, na mchana doa la mwangaza linaanguka sakafuni. Tundu linaweza kuwa na pembe, limechanika vibaya, lakini doa lake huwa la mviringo, kwa sababu ni sura ya jua lenyewe. Hata madoa ya mwangaza yaliyo chini ya mwembe ni sura za jua, zilizopita katika nafasi ndogo kati ya majani. Tarehe 1 Septemba 2016, mwezi ulipofunika sehemu kubwa ya jua kwa watu wa Haut-Katanga, madoa ya namna hiyo yaligeuka kuwa na umbo la hilali. Ibn al-Haytham aliandika kijitabu kizima juu ya sura hiyo ya jua lililopatwa.

Hilali ya sakafuni inakuwa imepinduliwa. Mwale unaotoka juu ya jua unapita tunduni na kushuka chini ya doa, na ule wa chini unapanda juu. Chombo cha kupigia foto kinafanya vilevile, kuanzia masanduku ya studio za zamani mpaka simu ya leo, isipokuwa tunduni kumewekwa lenzi. Hata neno kamera asili yake ni chumba kwa Kilatini: chumba cheusi.

Hakupatia kila kitu. Alidhani kuona kunaanzia kwenye lenzi ya jicho, na hakukubali kwamba sura inaweza kupinduliwa ndani yetu. Ilibidi kumsubiri Johannes Kepler, mwaka 1604, kusema kwamba sura inaanguka nyuma ya jicho, kwenye retina, miguu juu kichwa chini. Inashangaza kidogo, kwa kuwa Ibn al-Haytham alikuwa na chumba chake cha giza mkononi.

Alichunguza pia jinsi mwangaza unavyopinda ukitoka majini kwenda hewani. Mvuvi wa Moero anayechoma samaki kwa mkuki anajua lazima alenge chini ya pale anapomwona. Samaki anaonekana juu kuliko alipo kweli, maana mwangaza unaotoka kwake umebadilisha mwelekeo usoni pa maji. Ibn al-Haytham alieleza kwamba mwangaza unakwenda polepole zaidi ndani ya kitu kizito, hivyo una mwendo wenye kikomo, hata kama hakuna jicho linaloweza kuupima. Leo tunajua ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Lakini hesabu kamili ya kupinda hakuipata. Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa ameifikia katika maandishi ya mwaka 984, kabla ya Snell na Descartes.

Baada ya kuachiliwa, aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar. Riziki yake, kama wanavyosimulia, ilitokana na kunakili vitabu vya Wagiriki kwa mkono, kazi iliyomwingizia dinari 150 kwa mwaka. Mmoja wa waandishi aliokuwa akinakili ni Ptolemy, na huyohuyo alimwandikia kitabu kizima cha kuonyesha mahali alipojipinga mwenyewe.

Kitab al-Manazir kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu mwaka 1200, na mwaka 1572 kikachapishwa Basel, Uswisi. Kepler alikisoma kwa Kilatini. Mwaka 2003 Iraki iliweka sura yake kwenye noti ya dinari 10,000, sura ya kubuni bila shaka, kwani hakuna aliyemchora akiwa hai.

Upinde wa mvua ulimshinda. Alijaribu kuueleza na maelezo yake hayakuwa sahihi. Karibu mwaka 1300, Kamal al-Din al-Farisi, Mwajemi aliyekuwa akiandika maelezo juu ya kitabu chake, alichukua tufe la kioo, akalijaza maji, akaliweka ndani ya chumba chenye giza kama tone kubwa la mvua, akaanza kufuata mwale mmoja mmoja: ulipoingia, ulipopinda, uliporudishwa ndani, na ulipotoka.