Kaluta Amri Abedi na Malezi ya Wanagenzi wa Ushairi

Kaluta Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika ambao Kiswahili kiliufikia kwa njia ya misafara ya biashara ya karne ya 19. Asili hiyo ina uzito katika kuieleza kazi yake. Mila ya ushairi wa Kiswahili ilikomaa Pate, Lamu na Mombasa, ambako mwanagenzi aliweza kukaa karibu na malenga na kusikia tungo zikighaniwa. Mtu wa bara aghalabu hakuwa na baraza la namna hiyo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, lilimpatia tungo za kusoma na uwanja wa kujibizana. Lakini kulisoma shairi lililokamilika si sawa na kuonyeshwa jinsi lilivyojengwa.

Baada ya masomo yake Tabora, Amri aliingia katika kazi ya tabligh ya Jumuiya ya Ahmadiyya. Alishiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 1953, kazi iliyodai subira ya kulipima kila neno. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri.

Kitabu hicho kina sehemu mbili, kama jina lake linavyobainisha. Katika ya kwanza, mtunzi anafafanua kanuni za utunzi, zikiwemo vina na mizani, na anasisitiza kuwa shairi ni wimbo. Katika ya pili anaweka tungo zake mwenyewe. Mpangilio huo una maana: mwalimu anayetoa kipimo anakubali naye apimwe kwacho.

Kwa mtazamo wa kiisimu, kanuni hizo hazikuzuka hewani. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Kwa hiyo mizani huhesabika bila taabu, na vina hutambuliwa kwa silabi ya mwisho ya kipande. Sikio la mjuzi yeyote wa lugha laweza kuzoezwa kuyasikia hayo, hata kama hakuzaliwa pwani. Hivyo, jambo lililodhaniwa kuwa ni kipawa tu au urithi wa ukoo likawa pia elimu inayofundishika. Mwanagenzi aliyekata tamaa kwa kuona ubeti wake umepinda, asijue umepinda wapi, sasa aliweza kulitafuta kosa, kulipata na kulirekebisha.

Maisha yake yaliyosalia yalikuwa mafupi na yenye shughuli nyingi. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam; mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, kisha akakabidhiwa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni. Alifariki Ujerumani ya Magharibi mwezi Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40. Uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoziacha vina na mizani za kimapokeo. Katika mgogoro uliofuata, wanamapokeo walikitumia kitabu cha Amri kama ukuta, na wanausasa wakakishambulia kama pingu. Lawama hiyo haikukosa msingi, kwa kuwa mtunzi mwenyewe alichagua neno sheria, na sheria huhukumu. Hata hivyo, kukisoma kama hukumu pekee ni kuusahau wakati wake na msomaji wake. Aliyeasi kanuni katika miaka ya 1970 alikuwa anazijua. Mwanagenzi wa mwaka 1954 alikuwa bado hajapata wa kumfundisha. Wa kwanza alihitaji nafasi ya kutoka, wa pili alihitaji mlango wa kuingilia. Kaluta Amri Abedi alimwandikia huyu wa pili, na ni kwa haja yake huyo kitabu hicho kistahilipo kupimwa kwanza.