John Kirk na Kima Punju

Leo nawaletea maisha ya Daktari John Kirk.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Kuanzia 1858 hadi 1863 alisafiri na Livingstone mtoni Zambezi, huku akikusanya mimea. Mwaka 1866 alifika Unguja, na baadaye akawa balozi wa Uingereza. Mwaka 1873 alimshinikiza Sultani Barghash mpaka akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Lakini mimi kilichonivutia zaidi ni kima. Mwaka 1868 wataalamu wa London walimpa kima mwekundu wa Unguja jina la Kirk, ingawa wenyeji walikuwa naye siku zote, wakimwita kima punju.

Sasa mbona bara hayupo? Zamani Unguja iliungana na bara. Bahari ilipopanda, kima wale wakabaki kisiwani peke yao. Kizazi baada ya kizazi hawakuchanganya damu na wenzao wa bara, basi wakawa aina yao wenyewe: mgongo mwekundu, tumbo jeupe.

Sisi wa Eldoret tuna mbega weusi kwa weupe. Wakiisha Kakamega, wapo Elgon. Kima punju je? Kwao ni Unguja tu. Akiisha huko, ndiyo basi tena.

Kirk alifariki mwaka 1922. Jina lake liko vitabuni, halipotei. Mnyama mwenyewe anategemea msitu wa Jozani usikatwe.