Bernard Herrmann: Mtunzi aliyejenga hofu kabla ya neno la kwanza

KATIKA dakika ya kwanza ya filamu ya Psycho, iliyotoka mwaka 1960, hakuna mtu anayeonekana, hakuna kisu wala damu. Kuna mistari inayokatiza kwenye giza na kuyapasua majina ya wasanii, na kuna fidla zinazokwenda mbio kama mtu anayekimbizwa. Hata hivyo, mtazamaji hukosa utulivu kitini, akihisi kuwa jambo baya li njiani.

Aliyeipanda hofu hiyo ni Bernard Herrmann, mtunzi wa Kimarekani aliyeamini kwamba muziki wa filamu si pambo la picha, bali ni sehemu ya hadithi yenyewe. Msimamo huo ulimjengea heshima, na ndio pia uliokuja kumtenganisha na mwongozaji aliyefanya naye kazi zake mashuhuri zaidi.

Herrmann alizaliwa Juni 29, 1911 jijini New York, katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Urusi. Baba yake alimhimiza kujifunza muziki, na alipofikisha umri wa miaka 13 alishinda tuzo ya utunzi. Alisoma Chuo Kikuu cha New York na shule ya muziki ya Juilliard, kisha mwaka 1934 akaingia katika redio ya CBS.

Redio ilikuwa darasa lake kuu. Huko hakuna picha. Mvua, usiku na woga hujengwa kwa sauti pekee. Huko ndiko alikofanya kazi na kijana Orson Welles, na ndiye aliyeongoza okestra usiku wa Oktoba 30, 1938, uliporushwa hewani mchezo maarufu wa The War of the Worlds, ulioigiza habari za uvamizi kutoka sayari ya Mirihi.

Welles alipokwenda Hollywood kutengeneza Citizen Kane, iliyotoka mwaka 1941, alimchukua Herrmann. Filamu hiyo inaanza na kibao kinachokataza watu kuingia. Kamera, chini ya usimamizi wa Gregg Toland, inakaidi katazo hilo: inapanda juu ya uzio, inapita lango na kuisogelea polepole nyumba kubwa ambamo dirisha moja tu lina mwanga. Muziki nao unatambaa kwa ala za sauti nzito, bila wimbo unaokamilika. Ghafla taa inazimika. Mtazamaji hajaambiwa lolote, lakini amekwisha kutambua kuwa ndani kuna mauti.

Hapo ndipo ilipo siri ya utunzi wake. Wimbo mrefu humwahidi msikilizaji mwisho, naye hutulia kuungoja. Herrmann alipendelea vifungu vifupi vinavyojirudia, ambavyo havimpi msikilizaji mahali pa kupumzikia. Kamera inaposogea taratibu juu ya sauti ya namna hiyo, kila hatua yake huwa kama swali lisilojibiwa.

Tuzo yake pekee ya Oscar aliipata kwa filamu nyingine ya mwaka huohuo wa 1941, iitwayo All That Money Can Buy. Lakini jina lake lilikuja kufungamana na la Alfred Hitchcock, mwongozaji kutoka Uingereza, aliyeanza kufanya kazi naye mwaka 1955.

Katika Vertigo ya mwaka 1958, kamera inausogelea uso wa mwanamke hadi jichoni, na kutoka humo yanazuka maumbo ya mizunguko yaliyobuniwa na Saul Bass. Muziki unapanda na kushuka ukizunguka papo hapo, hata anayetazama akapata kizunguzungu mapema kuliko mpelelezi wa hadithi hiyo.

Kwa Psycho, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, Herrmann alitumia ala za nyuzi peke yake. Baada ya majina ya wasanii, kamera inaangaza juu ya mji wa Phoenix na kupenya katika dirisha lililofunguliwa kidogo, huku muziki ukipoa. Baadaye mwanamke aliyeiba dola 40,000 anapoendesha gari, mwendo ule wa mwanzo unarudi. Kinachoonekana ni uso wake, usukani na barabara tu. Hofu yote imo katika fidla. Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yasiwe na muziki, lakini aliposikia alichokitunga Herrmann, alibadili uamuzi.

Ushirika huo ulivunjika mwaka 1966 katika filamu ya Torn Curtain. Studio ilitaka muziki wa kisasa utakaouzika. Herrmann akaleta utunzi mzito alioona ndio unaoifaa hadithi, na Hitchcock akasimamisha kurekodi na kumpa kazi mtu mwingine. Wawili hao hawakufanya kazi pamoja tena.

Herrmann alihamia London. Alikuwa amekwisha kumtungia Mfaransa François Truffaut, na baadaye vijana wa Marekani, Brian De Palma na Martin Scorsese, wakamtafuta. Kwa Scorsese alitunga muziki wa Taxi Driver. Mwanzoni mwake moshi unafuka kutoka barabarani usiku, ngoma zinaumuka, na teksi inapita katikati ya moshi huo kama mnyama anayewinda.

Alimaliza kurekodi kazi hiyo mjini Los Angeles Desemba 23, 1975, na akafariki usingizini usiku huohuo, akiwa na umri wa miaka 64. Filamu ilitoka mwaka 1976 ikiwa imetolewa kwa kumbukumbu yake. Baada ya kifo chake aliteuliwa kuwania Oscar mbili kwa mkupuo, kwa Taxi Driver na kwa Obsession ya De Palma, zote zikiwa na muziki wa aina ileile aliyokataa kuiacha mwaka 1966.