Maisha ya Don Bosco: kijana aliyetolewa nyumbani kwa ugomvi



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunasikia kilio kilekile. Mtoto wa miaka 14 au 15 hasikii tena, analala nje, baba anamwambia aondoke, mama analia. Ndiyo maana safari hii tunasimulia maisha ya Giovanni Bosco, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Don Bosco. Kabla ya kuwa padre wa vijana, yeye mwenyewe alitoka nyumbani kwa sababu ya ugomvi.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Turin, Italia. Baba yake alifariki mwaka 1817. Mama yake, Margherita, akabaki na shamba dogo, bibi mzee, wanawe wawili, na Antonio, mtoto wa marehemu kwa mke wa kwanza.

Giovanni alipenda kusoma. Antonio, aliyemzidi miaka 7, ndiye aliyeshika jembe, naye hakuona kitabu kitaleta mkate gani. Tusimhukumu haraka: naye alifiwa na mama, kisha na baba. Maneno yakageuka ngumi. Kuepusha mabaya zaidi, Margherita alimtuma Giovanni, mwenye miaka 12 hivi, akatafute kibarua. Alichunga ng'ombe na kulima kwa familia ya Moglia karibu miaka 2. Aliyemrudisha ni mjomba wake, Michele. Alimsikiliza kijana, kisha akaenda kuongea na dada yake. Baadaye mali ikagawanywa, na Giovanni akapata nafasi ya kwenda shule.

Alipewa upadre mwaka 1841. Alipotembelea magereza ya Turin aliwakuta wavulana waliofungwa, wakatoka, wakarudi tena, kwa kuwa huko nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Akaanza kuwakusanya siku za Jumapili kwa sala, masomo na michezo. Majirani walichoka na kelele, nao wakahamishwa mara kwa mara. Sisi tunajua maana ya kuhamishwa. Pasaka ya mwaka 1846 walipata banda huko Valdocco.

Mwaka huohuo alimwomba mama yake aje kumsaidia. Margherita, mwenye miaka 58, aliacha nyumba na wajukuu, wakatembea kwa miguu mpaka Turin. Alipika, alifua, alishona viraka. Siku moja vijana waliharibu bustani yake ya mboga, akataka kurudi kijijini. Mwanawe hakubishana naye. Alimwonyesha tu msalaba ukutani. Akabaki mpaka alipofariki mwaka 1856.

Don Bosco hakuishia kwenye chakula na sala. Kuanzia mwaka 1851 hivi aliandikiana mikataba na mafundi wa mjini. Fundi aliahidi kumfundisha kijana kazi, kutompiga, na kumpa mapumziko. Kijana alitia sahihi, na mzazi aliyekuwepo naye alitia sahihi. Mwaka 1853 alifungua karakana zake za viatu na nguo. Malezi yake yalisimama juu ya mambo matatu: kumweleza kijana sababu, dini, na upendo anaouona kwa macho.

Alifariki tarehe 31 Januari 1888, na mwaka 1934 alitangazwa mtakatifu. Shirika lake la Wasalesiani limefundisha ufundi hata vijana wakimbizi wa kambi ya Kakuma, Kenya.

Ndugu zetu wazazi, Margherita alikuwa mama mwema, lakini hakuweza kumaliza ugomvi ule peke yake. Alihitaji kaka yake. Hapa kambini wajomba na mashangazi wengi walibaki nyuma au hawapo tena. Basi tuwe wajomba sisi kwa sisi. Kabla hujamfungia mtoto mlango, mwite mzee wa jumuiya, katekista au jirani mnayemwamini, awasikilize wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Na wewe kijana uliyeondoka, mtafute mmoja wao akurudishe. Kurudi na mtu mkononi si aibu.

Mungu azilinde familia zetu. Amina.