Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi

Wako miongoni mwetu wadhanio kuwa aljebra ni elimu ya kigeni, isiyomhusu mwana wa chuoni. Na tumtazame aliyeipa jina.

Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Alifanya kazi Baghdad, katika Baytul-Hikma, zama za Khalifa Al-Maamun (813–833), ambaye ndiye aliyemhimiza kutunga kitabu chake cha Al-Jabr wal-Muqabala. Alikusudia kuwafaa watu katika mirathi, wasia, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji.

Katika masuala yake mashuhuri ni hili: mraba pamoja na mashina yake 10 ni 39, je, shina ni ngapi? Yeye huenda hatua kwa hatua, kwa maneno matupu. Ichukue nusu ya 10, nayo ni 5. Izidishe kwa nafsi yake, upate 25. Ongeza 39, iwe 64. Shina la 64 ni 8. Toa ile 5, yabaki 3. Basi shina ni 3 na mraba ni 9. Na 9 kwa 30 ni 39. Kisha huchora umbo la mraba, ili msomaji aone hoja kwa macho yake.

Alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 Robert of Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini, na Ulaya ikajifunza kwacho.

Tusiwazuilie wana wetu elimu hii. Agawaye mirathi pasi na kujua hisabu huenda akamdhulumu yatima bila ya kukusudia.