Maisha ya Marehemu Mbaraka Mwinshehe

Morogoro imetoa watu wengi wenye sifa, lakini mimi nimechagua kuandika juu ya Marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa na mwimbaji. Nimemchagua kwa sababu moja: alikuwa na mahali pazuri pa kukaa, akapaacha ili aanze upya.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Mwaka huo huo ilianzishwa Morogoro Jazz Band, nayo ndiyo iliyokuja kumpa jina. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Siku hizo mji wetu ulikuwa na bendi mbili zilizoshindana sana: Morogoro Jazz, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na kila mtindo ulikuwa na jina. NUTA Jazz walipiga Msondo, Western Jazz walipiga Saboso, nao Morogoro Jazz walipiga Sululu. Jina la mtindo lilikuwa kama bendera ya bendi. Chini ya bendera ya Sululu, Mbaraka alisifiwa nchi nzima, na mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya mataifa.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Lakini mwaka 1973 Mbaraka aliondoka, akaunda bendi yake, Super Volcano, na mtindo wake akauita Masika. Sisi tukaao chini ya milima ya Uluguru twajua masika ni kitu gani. Mkulima hupanda kwa furaha, lakini mito nayo hufurika. Vivyo hivyo, Mbaraka aliweza kuvuna au kupoteza vyote, maana kama watu wangeikataa Masika asingekuwa na bendi ya zamani ya kujifichia. Watu hawakuikataa. Nadhani ni kwa sababu alibadili mtindo tu. Gitaa lake na Kiswahili chake chepesi, kinachoeleweka na mkubwa na mdogo, hakuviacha nyuma.

Tarehe 12 Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Kenya, kabla hajatimiza miaka 35. Baada ya kifo chake wimbo wake uitwao Shida ulipendwa mno nchini Kenya, na nyimbo zake nyingi zikakusanywa katika santuri zilizoitwa Ukumbusho.

Sisi wa kidato cha nne tutaondoka shuleni hivi karibuni, na wengi wetu twaogopa kuacha mahali tulipozoea. Maisha ya Mbaraka yanifundisha kwamba mtu aweza kuhama, mradi asisahau kuchukua kile alichokijua vizuri.